Mtu wa Sita Aliitwa Mgeni

Kwenye daftari la balozi wetu wa nyumba kumi, Ngamiani, Barabara ya 13, nyumba ya bibi yangu iliandikwa watu sita. Bibi, mama, mimi, wadogo zangu wawili, na mtu aliyeandikwa Mgeni. Jina hilo tu, bila la baba. Jinsia: mwanamke. Kazi: mkulima. Kwa asiyetujua hapakuwa na la kushangaza, maana Tanga akina Mgeni ni wengi, hukosi mmoja katika kila ukoo. Ila Mgeni wetu alikuwa na ndevu, alivuta sigara gizani huku moto kauficha ndani ya kiganja, na alikuwa ameingia Kampala kwa miguu, bunduki begani.

Alikuwa mjomba wangu. Alikuja nyumbani kwa ruhusa ya siku saba, akakaa karibu miaka saba. Waja leo, kuondoka majaaliwa. Huo msemo wa mji wetu watu huuchapa kwenye khanga na kuchekea wageni walioshikwa na Tanga wakasahau kwao. Nyumbani kwetu haukutamkwa.

Nianze na daftari, kwa sababu kijana wa leo hajui lilikuwa na nguvu gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, mafuta ya kula, unga, hata khanga. Duka la kaya liliuza kwa orodha, na orodha ilitoka kwa balozi. Nyumba ya watu watano ilipata ya watu watano. Balozi ndiye aliyetakiwa kujua nani kalala kwa nani, nani kaja, nani kaondoka. Barua ya kuombea kazi ilianzia kwake, ya kusafiria ilianzia kwake, ya kuolea pia. Nimesoma visa vingi vya watoro wa jeshi, hasa wa nchi za mbali, na vyote huanza na polisi, mbwa na barabara kuu usiku. Cha kwetu kilianza na robo kilo ya sukari. Mtu mzima ameongezeka ndani ya nyumba, anakula, anakunywa chai, na hayumo kwenye orodha.

Mjomba hakuwa mwoga. Nalisema hili nikijua kwamba kila familia yenye mtoro husema hivyo hivyo.

Aliingia jeshini 1977 akitokea Jeshi la Kujenga Taifa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka na kuikalia Kagera, na Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, kikosi chake kilipelekwa. Alipita Mutukula, akapita Masaka. Lakini kisa alichokirudia, akikunja nyavu uani usiku, kilikuwa cha Lukaya. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, kwenye barabara inayokatisha kinamasi, askari wa Amin na Walibya waliokuja kumsaidia waliwamiminia maroketi. Wenzake wengi walikuwa mgambo, watu waliokuwa na jembe mkononi miezi michache nyuma. Safu ikavunjika. Watu wakakimbilia kwenye matope na mafunjo, usiku mzima wanaitana majina gizani. Alfajiri wakajikusanya, brigedi nyingine ikazunguka kwa ubavuni, wakarudi, Lukaya ikatwaliwa. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

"Usiku ule tulikimbia," alikuwa akiniambia. "Asubuhi tukarudi, na hakuna aliyeniuliza nililala wapi. Kumbe kukimbia si kosa, mjomba. Kosa ni asubuhi."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka tisa, nilichotaka ni maroketi.

Babu alifariki mwishoni mwa 1981. Mjomba alikuwa amerudi kutoka Uganda miezi michache tu, yuko kambini mkoa mwingine, akapewa siku saba. Njiani ziliisha mbili. Alipofika babu alishazikwa, matanga yako katikati, watu wamejaa barazani, na mama yake yuko ndani amefunga eda.

Hapo ndipo hesabu tatu zilipogongana. Ya jeshi: siku saba. Ya ukoo: arobaini, na mtoto wa kiume alikuwa yeye peke yake. Ya dini: eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, ambamo bibi hatoki nje ya nyumba ila kwa dharura. Siku ya sita mjomba alipiga pasi sare yake kwa pasi ya mkaa, akaitundika. Bibi akaiona, akasema, "Hutaondoka kabla ya arobaini ya baba yako." Hakulia, hakupiga kelele. Aliongea kama anayemkumbusha mtu kwamba mvua itanyesha. Mjomba akaenda posta akapeleka simu ya maandishi kuomba aongezewe siku. Jibu halikuja.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo na sikuwahi kumsikia akisema kwamba yeye ndiye aliyemzuia. Wala mjomba hakumtupia neno. Lakini kila mwaka siku ya kumbukumbu ya babu ilipofika, wote wawili walikuwa wakali kwa watoto bila sababu.

Siku ya nane ni kosa dogo. Mtu akirudi siku ya nane atafokewa, atakatwa mshahara, atasafisha vyoo. Siku ya kumi unahitaji maelezo. Ya ishirini unahitaji uongo. Ya arobaini, hitima ikishasomwa na sahani zikishaoshwa, mjomba alikuwa amechelewa siku 33, na akagundua kwamba aliyoyaogopa siku ya nane yalikuwa mepesi kuliko aliyoyaogopa sasa, na ya sasa yalikuwa mepesi kuliko yatakayokuja wiki ijayo. Ukiwa na akili timamu hesabu hiyo inakwambia ondoka leo. Yeye, kama watu wengi ninaowajua wenye deni, aliisoma kinyume. Kila jioni alisema kesho.

Mtaani walisema mtoro hupigwa risasi. Sijui neno hilo lilianzia kwa nani, ila halikutoka hewani. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwapiga risasi mamia ya askari wao wenyewe kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, kisha mwaka 2006 wakawasamehe 306 kwa mpigo, wote mifupa. Vita hiyo ilifika mlangoni kwetu. Novemba 1914 jeshi lao la watu kama 8,000, wengi wakiwa Wahindi, lilishuka upande wa Raskazone kuja kuwang'oa Wajerumani waliokuwa na askari wapata elfu moja tu. Wakapigwa, na nyuki waliochokozwa mizingani wakawamalizia, wakarudi majini mbio. Mpaka leo Tanga tunaviita Vita vya Nyuki na watoto wanavicheka. Mjomba hakuvicheka. "Wale angalau walikimbizwa na kitu," alisema siku moja.

Mwezi wa tatu wa eda wakaja askari wawili na Land Rover.

Nilikuwepo. Nilikuwa barazani nacheza bao la mchanga, miaka saba na nusu. Wakanisalimia, wakamuuliza mwenye nyumba. Mjomba alikuwa chumba cha uani. Mama akatoka akasema mwenye nyumba yuko edani, na hapo hapo askari mmoja akavua kofia. Mjane aliye ndani ya eda hatazamwi na mwanamume wa kando, na nyumba yake haivamiwi kama gulio. Bibi akaongea nao akiwa nyuma ya pazia la mlango. Akawaambia mwanawe alikuja msibani akaondoka. Wakauliza lini. Akasema, "Wanangu, mimi nimefungiwa humu, siku nazihesabu zangu tu."

Wakasimama kidogo. Mkubwa wao akatoa noti ya shilingi kumi akampa mama, akasema ni ubani. Wakaondoka.

Waliokuja kumkamata mjomba waliacha ubani wa baba yake. Ile noti bibi hakuitumia mpaka ikatoka kwenye matumizi. Na hawakurudi tena, wala wengine hawakuja, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Hilo nimelijua baada ya muda mrefu na bado linanikaa vibaya: mjomba alijificha miaka karibu saba, na kwa zaidi ya sita hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Balozi naye alikuja wiki ile ile, kutoa pole na kupitia daftari. Bibi yuko nyuma ya pazia lile lile.

"Bi mkubwa, nyumba hii ni watu watano bado?"

"Mzee, nina mgeni."

"Mgeni wa siku ngapi?"

"Wa Mungu."

Mama anasema balozi alilitazama lile pazia kwa muda, kisha akaandika, akitamka anachoandika: Mgeni. Akauliza, "Mkulima?" Bibi akasema, "Mkulima." Hivyo mjomba akapata robo kilo yake ya sukari akiwa mwanamke. Wala nisiifanye iwe ya kuchekesha sana. Kanuni ya Adhabu inamgusa raia anayemshawishi askari atoroke, na inamgusa pia anayemficha akijua ni mtoro. Yule mzee alikuwa kiongozi wa chama, ana watoto, na alichoandika kwa wino kingeweza kumfikisha mahakamani pamoja na bibi. Hakuwahi kuomba chochote. Kila Idi bibi alimpelekea mkate wa kumimina mzima, haujakatwa.

Mchana mjomba alilala. Usiku alikwenda pwani ya Sahare akapanda ngalawa ya nahodha mmoja asiyependa maswali. Alikuwa akilipwa kwa kitoweo na fedha kidogo. Kwa mtu aliyejificha uvuvi wa usiku ulionekana kama umeumbwa kwa ajili yake, lakini haukuwa salama hivyo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, sabuni na mafuta vilivuka kwa magendo kutokea Vanga, na doria za baharini zilikuwa nyingi. Wenzake walivuka wakapata. Yeye akifika usawa wa Jasini alikuwa akiomba ashushwe. Walimwita mwoga. Hata mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983, na Mombasa ikawa safari ya basi la asubuhi, na mjini kule kuna kazi za bandarini na hakuna anayekujua, hakwenda. Mama alimsihi. Akamjibu, "Nikivuka nitakuwa nimetoroka."

Mwaka ule ule wa 1983 ndio ulikuwa mbaya kwake kuliko yote. Serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, halafu ikaja nguvu kazi: ukikutwa mjini huna kitambulisho wala barua ya kazi, unapandishwa gari unapelekwa shambani. Wasio na hatia walishikwa kwa makumi, itakuwa yeye. Siku moja alfajiri, akitoka pwani, alikuta wamezingira soko la Ngamiani. Akatupa samaki, akageuza, akatembea mpaka Tongoni, akalala usiku tatu kwenye magofu, katikati ya yale makaburi ya kale yenye nguzo. Aliporudi alikuwa na homa na ndevu zimejaa mchanga. Nilimuuliza kama aliogopa mizuka. Akasema mizuka ingeuliza nini ambacho bibi hajakiuliza.

Halafu 1985 akaja Mzee Mwinyi na zama za ruksa. Biashara ruksa, mitumba ruksa, bidhaa zikajaa. Mama alikuwa akisema nchi nzima imepewa ruhusa isipokuwa kaka yake.

Sare yake haikutupwa. Hilo ndilo nililolikuta la ajabu kuliko yote nilipokua. Bibi aliikunja ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda chake, akatia karafuu maiti ili nondo wasiiguse. Mama akamgombeza, akamwambia hiyo ni dawa ya kuoshea wafu, utamfisha mtu aliye hai. Bibi hakubadilisha. Mara moja kwa mwaka aliifua usiku na kuianika ndani ya ukumbi, kamba imefungwa kutoka mlango hadi mlango, sisi tunapita chini yake kwenda chooni. Buti alizipaka samli, maana rangi ya viatu ilikuwa haipatikani.

Na mimi nina langu. Darasa la tatu mwalimu alituuliza nani ana ndugu shujaa wa vita vya Kagera. Nikanyoosha mkono. Nikasema mjomba wangu, yuko nyumbani, anavua samaki. Mwalimu aliishi barabara ya pili yake kutoka kwetu. Akanitazama, akasema, "Keti," akaendelea na somo. Niliketi nikijua nimefanya jambo, na kwa mwezi mzima kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba yetu lilinikata tumbo. Sikumwambia mtu. Nawaambia sasa.

Mwaka jana mama mmoja wa jirani aliniletea kijana wake. Ametoroka kambini, ana siku 12, simu ameizima, mama hana usingizi. Kwa nini waliniletea mimi ni kwa sababu mtaa haujasahau. Kijana alitaka nimwambie atafungwa muda gani. Nilimwambia mimi si wakili. Nikamuuliza nguo za jeshi ziko wapi. Akasema amezichoma.

Nilisikitika, na nikamweleza kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, inayobeba kanuni za nidhamu za jeshi letu, inaona utoro kuwa kosa moja na kutokuwepo bila ruhusa kuwa kosa jingine. Majeshi mengi yako hivyo, na kinachoyatenganisha ni nia: ulikusudia kurudi, au hukukusudia? Kwa kuwa nia haina picha, wanaangalia alama zake. Umekaa siku ngapi. Ulikwenda wapi, kwenu au nchi ya watu. Sare umeitunza au umeitupa. Ulipata kazi nyingine kwa jina jingine. Na kubwa kabisa, uliletwa na pingu au ulikuja kwa miguu yako. Wamarekani wameweka hata mstari wa siku 30, ukizipita jina lako linahamishwa kwenye orodha ya watoro. Nikamwambia pia la kwao vijana wa sasa: ajira za jeshi, polisi na magereza siku hizi hupitia sana JKT, na aliyeondoka kwa dirisha hapati tena mlango. Arudi, aende na mtu mzima wa ukoo, asibebe uongo, na kama alikuwa na sababu, cheti cha hospitali au kibali cha mazishi, akibebe. Mama yake akalia. Kijana akauliza kama anaweza kumaliza wiki. Nikamwambia hilo neno wiki nalifahamu.

Alikwenda Jumatatu. Mengine ni yake.

Mjomba aliondolewa chumba cha uani na mwanamke. Alikuwa mjane aliyekuwa akiuza vitumbua na chai kwa wavuvi alfajiri, mtu mcheshi mwenye ulimi. Walipendana kwa taa ya kibatari miezi mingi. Mjomba alipotaka posa, akamwambia, "Mimi siolewi na popo. Nataka mume ambaye nikimtuma sokoni saa sita mchana anakwenda." Bibi alipolisikia alicheka mpaka akakohoa, kisha akaingia chumbani akavuta sanduku.

Ilikuwa 1988. Sare ilitolewa, ikapigwa pasi. Haikumtosha, mabega yalikuwa yamepanuka kwa kuvuta nyavu. Akavaa shati na suruali ya kawaida, sare na buti vikawekwa ndani ya kikapu cha ukili, juu yake bibi akaweka maandazi. Nilimsindikiza stendi mimi, nikiwa na miaka 14. Tulitembea mchana kweupe katikati ya Ngamiani, na niliona jinsi alivyokuwa akifumba macho. Nilidhani ni hofu. Lilikuwa jua.

Yaliyotokea kule alinisimulia kwa vipande, miaka mingi, sikuwahi kuvipata kwa mfululizo. Kipande cha kwanza ni cha getini. Askari wa lindo alikuwa kijana ambaye mjomba alipoingia Kampala bila shaka alikuwa shule ya msingi. Akamuuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Mjomba akataja namba yake na jina lake kamili, kama alivyofundishwa kulitaja. Kijana akaingia ndani, akakaa, akarudi.

"Huyo hayupo hapa."

"Najua," mjomba akasema. "Nimemleta."

Kipande kingine ni cha mbele ya wakubwa. Kikapu kiliwekwa mezani, sare ikatolewa, na harufu ikajaa chumba. Mmoja akauliza mbona inanuka maiti. Mjomba akaeleza habari za nondo. Wakamuuliza sasa lile swali lenyewe, ulikusudia kurudi? Akajibu, "Kila siku, afande." Anasema kuna aliyecheka na kuna ambaye hakucheka, na yule ambaye hakucheka ndiye aliyeandika.

Hakupigwa risasi. Alifungiwa kambini miezi kadhaa, akalima, akachimba mitaro, akafundishwa upya kupiga saluti na watoto. Hilo la saluti ndilo lililomuuma. Kisha akaachishwa jeshi. Bila kiinua mgongo, bila pensheni, na medali ya Kagera ambayo wenzake waliipata akaikosa. Miaka ya vita, Mutukula, Masaka, ule usiku wa kinamasini, vyote vikamezwa na siku zile 33 na zile zilizofuata. Je, ilikuwa haki? Nimebishana na wanangu kuhusu hili. Wao wanasema aliyepigania nchi angesamehewa. Mimi sina hakika. Kikosi chake kilikuwa na watu wengine waliofiwa na baba zao mwaka ule, na walirudi siku ya saba, na mama zao nao walikuwa edani.

Alikuja na karatasi moja yenye muhuri. Ni barua ya kumwondoa, kila mstari wake una aibu, na aliitunza kama hati ya kiwanja. Kwa miaka karibu saba hakuwa na karatasi yoyote iliyotaja jina lake. Alipoomba kazi ya ulinzi walitaka kuona barua, alipoionyesha walimrudishia kwa vidole viwili. Akaomba tena penginepo, wakamrudishia. Akabaki mvuvi, ila sasa wa mchana, mwenye leseni. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, redio ikianza kupiga brasi alikuwa akiizima, halafu baada ya dakika chache anaiwasha tena, sauti chini kabisa, sikio limelala juu yake.

Lakini ndoa ilifungwa, na kabla ya ndoa ilibidi apate barua ya balozi. Tulikwenda naye jioni, mimi na bibi. Mzee alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, daftari ni lile lile na jalada limefungwa kwa uzi wa mshipi. Sukari wakati huo ilikuwa imejaa madukani, unanunua gunia ukitaka, hakuna aliyeuliza orodha. Akafungua ukurasa wetu. Akavuta mstari juu ya jina la sita, pole pole, kwa rula.

"Jina?"

Mjomba akalitaja lote, na la baba yake, na la babu yake.

"Jinsia naona. Kazi?"

"Mvuvi."

Akaandika. Mjomba akainama akautazama ule mstari uliokatwa.

"Na huyu Mgeni, Mzee? Wakija kuuliza alikwenda wapi?"

Balozi akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

"Kaolewa Pangani."